Linki inasoma vizuri lakini haivuti: kabla hujanunua dishi kubwa, angalia unampa mwenzio muda gani wa kujibu

Hii naiandika kwa mafundi wenzangu wa intaneti za masafa marefu, wale wa kupanda mnara na koleo mfukoni, maana simu ninayopigiwa ni ileile kila mara, "fundi, linki inasoma -60, mbona haivuti?" (hiyo -60 ni nguvu ya signali, na ni nzuri tu) na nikiuliza umefanya nini mpaka sasa naambiwa nimebadilisha kebo, nimebadilisha POE (kile kifaa kinachopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao), na dishi kubwa liko njiani linakuja. Siwacheki, mwenyewe nilishafanya hivohivo. Nilikuwa na linki ya kilomita 14 inakatiza maji huku pwani, nikapanda ule mnara mara sita ndani ya siku tatu, nikanunua dishi la pili kabisa, kumbe shida ilikuwa namba moja kwenye setingi ambayo sikuwahi hata kuifungua.

Hiyo namba ni muda ambao radio yako inasubiri jibu. Wifi ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui, kila pakiti ikitumwa, aliyepokea anatakiwa arudishe kijibu kidogo, ACK, maana yake "nimepata". Ni kama kupiga hodi. Unapiga hodi, unatega sikio, karibu haijaja, unapiga tena. Sasa chukulia mwenye nyumba yuko uani, amekusikia hodi ya kwanza, kaitikia karibu, lakini mpaka sauti ifike mlangoni wewe ushaanza kupiga ya pili, ya tatu, ya nne, mwisho unaondoka unasema hamna mtu. Wote mnasikiana vizuri tu, sauti ziko juu, tatizo ni subira ya mgeni.

Kwa hesabu iko hivi. Mawimbi ya radio yanakwenda kilomita laki 3 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja inakula mikrosekunde 3.3, kwenda na kurudi ni 6.7. Linki ya 14 inakuwa kama mikrosekunde 93 za safari tupu. Juu yake weka muda wa kifaa chenyewe kuichakata pakiti, kuikagua kama ni nzima, na kugeuka kutoka kupokea kwenda kutuma. Huo muda umepangwa kwenye sheria za wifi, unaitwa SIFS, ni mikrosekunde 10 kwenye 2.4 GHz na 16 kwenye 5 GHz. Radio iliyosetiwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba imewekewa kusubiri ile SIFS na ziada ndogo ya umbali wa sebuleni, hizo 93 hazimo kabisa kwenye hesabu yake.

Tuanze na ile dalili inayowapoteza wengi. Signali nzuri, ping inapita safi, hata milisekunde 3 au 5, hamna inayopotea, lakini ukifungua video au ukipima spidi unapata mega moja au chini ya hapo, na baada ya muda linki inakatika inarudi. Watu wakiona ping safi wanasema redioni hamna shida, wanaanza kulaumu mtoa huduma wa juu. Ping inapita kwa sababu mzigo ulifika mara ya kwanza, ni jibu lililochelewa. Aliyepokea anaona nakala ya pili ya tatu anazitupa, wewe mtumaji unadhani zote zimepotea. Alafu radio yako inajiambia huko njia mbaya, ngoja nipunguze mwendo, inashuka mpaka spidi ya chini kabisa, kila pakiti inatumwa mara saba nane kwa mwendo wa kobe, hapo utapata nini.

Namna ya kuhakikisha, kama una radio ya kampuni ya MikroTik ya kizazi cha zamani, fungua `/interface wireless registration-table print stats` uangalie vitu viwili, frames na hw-frames. Ya kwanza ni zile zilizotakiwa kutumwa, ya pili ni zile zilizorushwa kweli hewani. Zikikaribiana uko salama. Mimi kwenye ile yangu hw-frames ilikuwa karibu mara tano ya frames, na tx-ccq (kipimo cha ubora wa utumaji) inasoma asilimia ishirini na kitu wakati signali ni -61, hivi vitu viwili havitakiwi kukaa nyumba moja. Na kwenye log kulikuwa na mistari ya `extensive data loss` imepangana kama mabati. Kwa wenye OpenWrt (programu ya ruta inayotumia Linux) ni `iw dev wlan0 station dump`, tazama tx retries inavyopanda ukilinganisha na tx packets.

Jaribio la haraka, weka umbali mara mbili au tatu ya ule wa kweli kwa muda, pande zote mbili, pima spidi. Ikiruka ghafla, umempata mchawi. Kama haikubadilika kitu, rudisha ulivokuta na uendelee kutafuta kwingine, huenda ni kelele za chaneli au dishi limepinda kweli.

Dawa yake sasa. MikroTik kuna `distance`, imezoeleka kukaa kwenye dynamic, lakini ukikuta mtu kaweka indoors kwenye linki ya mnara kwa mnara, basi ndo hapo. OpenWrt ni `option distance` kwenye faili la wireless, au ukitumia amri ni `iw phy phy0 set distance 14000`. airOS ya Ubiquiti ina sehemu ya Distance na kitufe cha kujirekebisha oto. Na hapa nasisitiza, maana nimeona kwa macho yangu, MikroTik inataka KILOMITA na OpenWrt inataka MITA. Kuna jamaa aliweka 14 kwenye OpenWrt akashangaa wiki nzima, yaani aliiambia radio mwenzio yuko mita 14, anaweza kumrushia kandambili. Ndani kule Linux inagawa kwa hatua za mita 450 (kila hatua ni mikrosekunde 3), kwa hiyo usihangaike na usahihi wa mita moja moja, pima tu kwenye ramani ya setilaiti kutoka mnara hadi mnara, ongeza kidogo, basi.

Ukipiga ile amri ikakujibu `Not supported`, draiva ya hiyo chipu haikubali kubadilishiwa muda. Hii inatokea sana kwenye ruta za nyumbani watu wanazifungulia antena na kuzipandisha juu ya paa, chipu nyingi mpya zimefungwa ndani ya fimwea yake. Hakuna ujanja hapo, tafuta radio iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Dalili ya pili nitaipitia fasta. Kushusha kunaenda mega 40, kupandisha mega 1, au kinyume chake. Umeseti upande mmoja. Anayesubiri jibu ni anayetuma, na kwenye linki kila upande unatuma, kwa hiyo namba inawekwa kote. Inatokea hasa pale upande wa mbali fundi mwingine alibadilisha radio iliyopigwa na radi akaacha setingi za kiwandani.

Sasa kuna wale ambao wakishaelewa hii habari wanakwenda upande wa pili, wanaweka kilomita 100 kila mahali ili walale usingizi. Haitavunja linki lakini utailipa polepole. Pakiti ya baiti 1500 kwa mwendo wa mega 54 inakaa hewani kama mikrosekunde 240 hivi. Ukisema subiri kilomita 100, kila pakiti inayopotea kweli inakugharimu mikrosekunde 670 na ushee za kusimama bure, karibu mara tatu ya pakiti yenyewe, na si hapo tu, kuongeza umbali kunanyoosha pia ule muda wa kupishana ambao radio zote za chaneli hiyo zinautumia kabla ya kuongea. Kwa hiyo dalili utakayoona ni linki nzima isiyokatika, lakini kila kukiwa na kelele kidogo spidi inaanguka kuliko inavostahili, na wateja wa karibu na mnara wanalalamika kwamba tangu aungwe yule wa mbali na wao wamekuwa wazito. Hawakosei. Mnara unaohudumia wateja wa kilomita 2 na mmoja wa kilomita 20 kwa radio moja unawalazimisha wote kuishi kwa saa ya yule wa mbali, mtengee radio yake, hilo ndo wazo langu na sijawahi kulijutia.

Oto nayo ina vituko. Ile ya MikroTik na ya airOS kwa kawaida inafanya kazi vizuri, inapima jibu linachukua muda gani inajipanga yenyewe. Lakini signali ikiwa mbovu, -80 huko na kelele juu, vipimo vyake vinayumba, utaona ack-timeout inasoma 60, ukirudia 110, ukirudia 75. Rekebisha signali kwanza, alafu kama bado inacheza andika umbali kwa mkono. Kwa OpenWrt ile `set distance auto` iko kwa chipu zinazotumia draiva ya ath9k, wengine andikeni tu.

Kingine, ukipunguza upana wa chaneli kukimbia kelele, kutoka megahezi 20 kwenda 10 au 5, kila kitu ndani ya radio kinapunguza mwendo, hata ile SIFS ya 16 inakuwa 32, na kwenye megahezi 5 ni 64. Kama umbali uliandikwa kwa kilomita fimwea inapiga hesabu yenyewe, lakini kuna radio za zamani ambazo ACK ulikuwa unaiandika kwa mikrosekunde, hizo ukipunguza chaneli usipogusa namba linki inazimika papo hapo, alafu utaapa kwamba chaneli nyembamba ni mbaya.

Wateja wengi kwenye mnara mmoja, kila mmoja akipimwa peke yake yuko vizuri, ikifika saa mbili usiku wote wanakufa. Hapa si muda wa kusubiri, wateja hawasikiani wao kwa wao, kila mmoja anaongea akidhani kimya. Dawa yake ni kuacha utaratibu wa kila mtu aongee akiona kimya, mnara ndo ugawe zamu, kama Nv2 ya MikroTik au airMAX ya Ubiquiti. Huku hamna tena kusubiri ACK ya kila pakiti kwa mtindo ule, ila mambo ya muda hayajaisha, yamehamia kwingine. Nv2 ina `nv2-cell-radius`, imewekwa kilomita 30 kutoka kiwandani, mteja akiwa mbali zaidi ya hapo utamwona anajaribu kuingia anatupwa nje na maneno `ranging timeout`. Panua. Na `tdma-period-size` (urefu wa mzunguko wa zamu) ya milisekunde 2, ukiikuza spidi inaongezeka kidogo lakini ping inapanda, wacheza gemu wakikupigia usiseme hukuambiwa.

Hiyo ya kugawa zamu ndo ilivowezesha ile linki ya Venezuela, kati ya Pico del Águila na El Baúl, mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzie walirusha wifi kilomita 382. Piga hesabu, kwenda na kurudi ni zaidi ya mikrosekunde 2,500. Kwa zamu za programu iliyotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walipata mega 3 kila upande.

Tutenganishe na kitu kingine kinachofanana. CCQ asilimia 95, hw-frames na frames zinakaribiana, lakini jioni ping inaruka kutoka 4 mpaka 200. Hii si redio, ni prosesa ya kifaa imezidiwa. ACK inatengenezwa na chipu ya radio yenyewe, haipiti kwenye prosesa kuu, ndo maana redioni unaona amani wakati pakiti zinapanga foleni ndani ya boksi. Endesha `/tool profile` saa hiyo ya jioni, siyo asubuhi. Mara nyingi kuna mtu kaweka foleni za wateja 80 na NAT na faiawali ndefu kwenye karadio kadogo kilichoko mnarani. Hamisha hizo kazi kwenye ruta kubwa chini, huko juu acha bridge tupu, ipitishe pakiti basi.

Na usidanganyike na simu. Ukipingi simu ya mteja kutoka kwako utaona 5, 180, 90, 210, utadhani linki imekufa. Simu inalala ili itunze chaji, inaamka kusikiliza mnara wake wa wifi ambao unatangaza kila milisekunde 102. Pingi ruta ya mteja, simu iache ilale.

Kuna swali naulizwa pia, kwa nini 4G haina setingi hii. Inayo, ila hugusi wewe. Kwenye 4G simu ikipokea data ya milisekunde moja inatakiwa ijibu kwenye milisekunde ya nne baada yake, kwa hiyo ina 3 za kuichambua. Simu ikiwa mbali mnara unaiambia tuma mapema ili ufike kwa wakati, na kwa kilomita 100 hiyo mapema ni milisekunde 0.67, basi simu inabaki na kama 2.3 za kufanya kazi ileile. 5G wameondoa hiyo namba ya kudumu. Kifaa kinajieleza mwanzoni uwezo wake, mnara unapanga jibu lije lini. Kwenye mpangilio wa 30 kHz kifaa cha kawaida kinahitaji simboli 10 (vipande vidogo vya muda), kama mikrosekunde 357, chenye mbio kinahitaji 4.5, kama 160. Na kwa setilaiti za mbali, zile za kilomita 35,786 juu, jibu linaweza kuchukua karibu nusu sekunde, kwa hiyo toleo la 17 la viwango vya 3GPP (wapangaji wa sheria za 4G na 5G), 2022, liliongeza nyongeza maalumu ya muda na hata ruhusa ya kuzima majibu kabisa.

Dalili ya umbali kuzidi kwenye 4G mtaani, au tuseme baharini, ni hii: uko kisiwani au kwenye boti, simu inaona mnara wa bara, vijiti vipo, lakini haiingii. Salamu ya kwanza ya simu kwa mnara imetengewa nafasi ya kuchelewa kiasi fulani, na aina ya kawaida ya 4G inatosha kama kilomita 14 tu, ziko nyingine za 29, 77 na 100 ila lazima kampuni iseti. 2G ya kawaida ilikuwa inafika 35. Kununua antena ya nje hapo ni kuongeza vijiti, hutapata mtandao.

Wanafunzi mnaojenga 5G ya maabara kwa laptop na USRP (radio inayoendeshwa na programu ya kompyuta), kama simu inaingia alafu majibu yote yanahesabika yameshindwa, ongezeni muda wa chini wa kujibu, min_k1, au min_rxtxtime kwa wa programu ya OpenAirInterface. Na terminali ikianza kumwaga herufi L na U, laptop yenyewe ndo imechelewa, iweke kwenye performance na uzime vingine vyote.

Nirudi kwenye ile yangu ya kilomita 14 maana haikuishia pale. Nilipoweka umbali ikavuta mega 60 na ushee, nikashuka mnara naimba. Baada ya siku nne ikaanza kufa tena, lakini safari hii signali yenyewe inaanguka, -61 mpaka -79, inakaa kama saa moja inarudi, kesho yake hivohivo ila imesogea kama dakika 50 mbele. Nikacheza na ile namba weee, bila faida. Mlinzi wa mnara, mzee aliyewahi kuwa mvuvi, akaniuliza, "Fundi, mitambo yenu inagoma maji yakijaa?" Nikamwambia mzee wangu hebu rudia. Tulikuwa kwenye bamvua, maji yanapanda zaidi ya mita 3, na mawimbi yanayodunda juu ya bahari yalikuwa yanakuja kugongana na yale ya moja kwa moja kwenye dishi. Yakija maji mafu linki inatulia. Kwa hiyo angalia hivi, kama signali imesimama na spidi imeanguka shuku muda, kama signali nayo inapanda na kushuka na saa inasogea kila siku, tafuta jedwali la maji.

Lile dishi la pili nililonunua bure nikalifunga mita mbili chini ya la kwanza na radio yake. Likifa moja, jingine linasikia.